Jevons na mwezi wa bahati

Majuzi nilijiwa nyumbani na kijana mmoja niliyemfundisha hisabati zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za jamaa, alitoa mkobani vitu viwili: daftari lenye safu za tarakimu zilizopangwa kwa unadhifu, na fomu ya mkopo wa chama chetu cha akiba. Fomu ilihitaji sahihi ya mdhamini, na daftari ndilo lililokuwa hoja yake. Alikuwa ameandika bei za hisa za kampuni moja katika soko la Nairobi, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mitano, akagundua kwamba kila mwaka, bila kukosa, bei ilipanda mwezi wa Februari. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angekopa, anunue hisa hizo Januari inapoelekea ukingoni, aziuze Machi inapoingia, alipe deni na kutia faida kibindoni.

Kijana huyu si mvivu wala si mcheza kamari. Hata sababu alikuwa nayo. Alidai kwamba mwezi wa Januari wazazi wengi huuza hisa zao ili walipe karo, bei zikashuka. Februari haja hiyo huwa imekwisha, nazo bei zikarudi juu. Nilikiri moyoni kwamba hoja yake ilikuwa na sura nzuri. Hata hivyo, mshahara uliokuwa ukiwekwa rehani ndio unaowasomesha wadogo zake wawili, na sahihi iliyotakiwa ilikuwa yangu. Nikamwomba aniachie fomu ile, kisha nikamsimulia maisha ya Mwingereza mmoja aliyefariki zamani, ambaye aliipita njia hiyohiyo akiwa na akili kuliko yangu na yake. Maisha hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Mtu huyo aliitwa William Stanley Jevons. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1835 mjini Liverpool, bandari iliyokuwa ikitajirika kwa biashara ya ng'ambo. Baba yake, Thomas Jevons, alikuwa mfanyabiashara wa chuma. Mama yake, Mary Anne, alikuwa binti wa William Roscoe, mwanahistoria na mwenye benki aliyepata sifa pia kwa kuipinga biashara ya watumwa. Nyumba ilikuwa ya watu waliosoma, na watoto walilelewa wakipenda vitabu, maua na vyombo vya kupimia. Kwa nje, hakuna aliyedhani kwamba nyumba kama hiyo ingeweza kutikisika.

Ikatikisika. Benki ya babu yake Roscoe ilikuwa imekwisha kuanguka kabla Stanley hajazaliwa. Mwaka 1845 mama yake alifariki, yeye akiwa na umri wa miaka kumi tu. Kisha ikaja taharuki ya mwaka 1847, ambapo watu waliokuwa wamemwaga fedha zao katika hisa za kampuni za reli walijikuta wameshika karatasi zisizo na thamani. Wimbi hilo likaifikia biashara ya chuma, na mwaka 1848 kampuni ya familia ya Jevons ikafilisika. Kijana huyo hakuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Mtoto anayeona heshima ya baba yake ikiporomoka kwa sababu ya jambo lililotokea katika mji mwingine, miongoni mwa watu asiowajua, hawezi kulisahau. Naamini mimi kwamba swali alilolifuata maisha yake yote lilizaliwa katika msiba huo: je, mafuriko haya ya biashara yana majira yake, na kama yanayo, mtu hawezi kuyaona kabla hayajafika?

Alipelekwa London kusoma, akajifunza kemia na hisabati katika Chuo Kikuu cha University College. Kabla hajapata shahada, ilitokea nafasi ya kazi katika kiwanda kipya cha kufua sarafu mjini Sydney, Australia, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa kwa wingi. Nyumbani kulikuwa na dhiki, mshahara ulikuwa mnono, naye akakubali. Mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 18, alipanda meli kwenda upande wa pili wa dunia. Kazi yake ilikuwa kuipima dhahabu iliyoletwa na wachimbaji na kusema ni kiasi gani cha dhahabu halisi kilichomo na ni kiasi gani cha takataka. Sisi husema kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Jevons alilipwa mshahara kulithibitisha neno hilo kila siku, kwa moto, tindikali na mizani.

Huko Sydney alipata mazoea ambayo hayakumtoka tena. Kila siku alipima joto, upepo, mvua na mgandamizo wa hewa, akaviandika katika majedwali na kuchapisha ripoti za hali ya hewa gazetini. Hali ya hewa ina siku zake za ajabu, lakini anayeiandika kwa miaka kadhaa huanza kuona utaratibu chini ya vurugu: mwezi huu huwa wa mvua, ule huwa wa ukavu. Mtu huyo akigeuza macho kutoka mawinguni hadi sokoni, si ajabu akauliza kama nako hakuna masika na kiangazi.

Mwaka 1859 aliacha kazi hiyo yenye malipo mazuri, akarudi London kumalizia masomo yake. Jamaa wengi wangemwona mpumbavu. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1860 na ya uzamili mwaka 1862, akiwa hana kazi ya uhakika na akiishi kwa kubana matumizi. Katika maktaba, alinakili takwimu za fedha na biashara, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa mkono. Akachora michoro mikubwa iliyoonyesha bei ya hati za deni la serikali ya Uingereza, bei ya ngano, idadi ya watu waliofilisika na kiwango cha riba, mwezi baada ya mwezi tangu mwaka 1731, kwa kadiri tarakimu zilivyopatikana. Leo mashine hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, nasi tunasahau kwamba mtu wa kwanza aliifanya kwa kalamu, macho yakimuuma.

Mwaka huohuo wa 1862 alipeleka makala mbili katika mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi uliofanyika Cambridge. Moja ilieleza kwa hisabati jinsi thamani ya vitu inavyotokea. Ya pili ndiyo inayotuhusu, kwani ilihusu kupanda na kushuka kwa biashara kwa kufuata kalenda. Jevons alichukua takwimu za miaka mingi, akatafuta wastani wa kila kipindi cha mwaka, akaonyesha kwamba riba, bei ya ngano, bei ya hati za serikali na idadi ya waliofilisika huwa na mwendo unaojirudia. Makala zote mbili hazikutiliwa maanani.

Hapa naomba msomaji atue kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Kwa nini Jevons aliutafuta mwendo huo wa kalenda? Hakuutafuta ili anunue mwezi huu na kuuza mwezi ule. Aliutafuta ili auondoe. Alitaka yale yanayotokea kila mwaka kwa desturi yajulikane na yawekwe kando, kisha yanayosalia, yale yasiyo ya kawaida, yaonekane waziwazi. Daktari anayejua kwamba joto la mwili hupanda kidogo kila jioni hashtuki kwa ajili ya jioni. Hushtuka linapopanda kuliko jioni zote. Kwa Jevons kijana, kalenda ilikuwa kinga dhidi ya kudanganyika.

Miaka iliyofuata ilimletea sifa. Mwaka 1863 alitoa kijitabu kilichothibitisha, kwa kulinganisha bei za bidhaa nyingi, kwamba dhahabu mpya ya California na Australia ilikuwa imeshusha thamani ya fedha. Mwaka huohuo alipata kazi ya kufundisha katika Chuo cha Owens mjini Manchester. Mwaka 1865 aliandika kitabu juu ya makaa ya mawe, akionya kwamba utajiri wa Uingereza ulisimama juu ya kitu kinachochimbwa kisichorudi, na wanasiasa wakubwa, Gladstone akiwamo, wakamsikiliza. Mwaka 1866 akawa profesa wa mantiki na uchumi. Mwaka uliofuata alimwoa Harriet Taylor, binti wa mwanzilishi wa gazeti la Manchester Guardian.

Katika mwaka huo wa 1866 aliirudia kalenda. Mbele ya Jumuiya ya Takwimu ya London alieleza kwa nini fedha huadimika Uingereza karibu kila Oktoba, majira ya majani kupukutika. Hakutosheka kuonyesha kwamba jambo hilo hutokea. Alifuata nyayo za sarafu zenyewe. Mavuno yalihitaji vibarua, na vibarua walilipwa kwa sarafu taslimu. Malipo ya kila robo mwaka, pamoja na faida ya hati za serikali, yaliangukia wakati huohuo. Sarafu zikatoka katika Benki ya Uingereza, zikaenda mashambani mifukoni mwa watu, zikakawia huko majuma kadhaa kabla ya kurudi. Hapo ndipo tunapoona uchunguzi uliokamilika: kuna mwendo unaojirudia, kuna chanzo chake, na chanzo chenyewe kinaweza kufuatiliwa na kuhesabiwa mbali na ule mwendo.

Aliongeza kwamba hofu kubwa za fedha, kama zile za mwaka 1847 na 1857, zilizuka katika majira hayo, wakati hazina imekwisha kupungua. Lakini dunia haikumruhusu kujivuna. Mnamo Mei 1866 iliporomoka nyumba kubwa ya fedha ya Overend, Gurney, mjini London, na kuburuta wengine wengi. Haikungoja Oktoba. Kalenda hueleza wakati ambapo ukuta huwa dhaifu. Haisemi nani atausukuma, wala siku gani.

Waama, uchunguzi ule wa Oktoba ulidumu. Marekani nayo ilikuwa na tatizo hilohilo la mavuno kufyonza fedha za benki, na taharuki yake kubwa ya mwaka 1907 ilizuka Oktoba. Mwaka 1913 ilipitishwa sheria ya kuunda benki kuu ya nchi hiyo, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuongeza fedha msimu unapozihitaji na kuzipunguza msimu unapopita. Baada ya hapo, kule kupanda kwa riba kila msimu wa mavuno kukafifia. Jambo la kalenda lenye chanzo cha kweli likishajulikana, watu hulikabili, nalo hudhoofika. Hilo nitalirudia.

Jevons aliendelea kupanda. Mwaka 1870 alionyesha mbele ya Royal Society mashine aliyoibuni, yenye vibonyezo kama vya piano, iliyoweza kutoa hitimisho la kimantiki kutokana na kauli ilizopewa. Mwaka 1871 alichapisha kitabu chake mashuhuri cha nadharia ya uchumi, kilichofundisha kwamba thamani hutokana na manufaa ya kipande cha mwisho: gilasi ya kwanza ya maji kwa mwenye kiu haina bei, ya kumi humchosha. Mwaka 1874 alitoa kitabu kikubwa juu ya kanuni za sayansi, ambamo alieleza jinsi mchunguzi anavyopaswa kubuni dhana, kuipima kwa ushahidi na kuitupa ikishindwa. Mtu aliyeandika kitabu hicho alistahili kuwa wa mwisho kunaswa katika mtego ninaoufikia sasa.

Mwaka 1843 Mjerumani Heinrich Schwabe alikuwa ametangaza kwamba madoa meusi yanayoonekana juu ya uso wa jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka. Baadaye mzunguko huo ukakadiriwa kuwa miaka 11 na kitu. Jevons, mpimaji wa hewa wa tangu ujana, aliwaza hivi: ikiwa jua hubadilika, mvua na mavuno huenda vikabadilika, mavuno yakibadilika, bei ya nafaka itabadilika, na bei ya nafaka ikibadilika, biashara nzima itatikisika. Mwaka 1875, katika mkutano wa wanasayansi huko Bristol, alisoma makala iliyotumia bei za nafaka za Uingereza za karne ya 13 na ya 14. Alizipanga katika mafungu ya miaka kumi na mmoja, na mzunguko ukaonekana.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha utu wake. Alizipanga bei zilezile katika mafungu ya miaka mitatu, mitano, saba, tisa, hata kumi na mitatu. Ikawaje? Kila mara ukaonekana mzunguko, mzuri sawa na ule wa kwanza. Tarakimu zilikuwa tayari kusema chochote alichowauliza. Jevons akaelewa kwamba ushahidi unaokubali kila dhana hauthibitishi dhana yoyote, akaizuia makala yake isichapishwe, na baadaye akalitangaza kosa hilo yeye mwenyewe hadharani. Ni maprofesa wangapi wa leo, wenye jina kubwa kama lake, wanaoweza kufanya hivyo?

Lau hadithi ingeishia hapo, ningewapa wanafunzi mfano usio na doa. Lakini mpenda chongo huona kengeza, na Jevons alikuwa ameipenda dhana ile. Mwaka 1878 aliirudia, safari hii akilinganisha madoa ya jua na misukosuko ya biashara. Misukosuko ya miaka ya 1825, 1837, 1847, 1857 na 1866 ilikuwa imeachana kwa miaka kumi hivi, wala si kumi na mmoja, na tofauti hiyo ilikuwa imemsumbua. Ndipo akakutana na kadirio jipya la mwanasayansi J. A. Broun, lililosema kwamba mzunguko wa jua ni wa miaka 10.45. Wastani wa misukosuko aliyoihesabu Jevons tangu mwanzoni mwa karne ya 18 ulikaribia mno tarakimu hiyo. Oktoba ya mwaka huohuo benki ya City of Glasgow ikaanguka huko Scotland, nao msukosuko ukawa umefika takriban katika mwaka ambao hesabu yake iliutaka. Nani asingeamini?

Tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la mwalimu anayesahihisha. Kwanza, Jevons alikuwa na makadirio mawili ya mzunguko wa jua, akashika lile lililokubaliana naye. Pili, orodha ya misukosuko ya karne ya 18 ilikuwa na mapengo. Baadhi ya miaka aliitia alama ya kuuliza, lakini aliendelea kuitafutia ushahidi kwa kuwa mzunguko ulihitaji msukosuko mahali hapo. Tatu, mavuno ya Uingereza yalipokataa kumtii, alihamia India. Alidai kwamba jua huathiri mavuno ya huko, wakulima wa India wakikosa fedha hawanunui nguo, na viwanda vya Manchester vikalala. Si wazo la kipuuzi, maana miaka ya 1876 hadi 1878 India ilikuwa imepigwa na njaa kali. Hata hivyo, mchunguzi akibadilisha nchi kila ushahidi unapomkataa, hatimaye atapata nchi itakayomkubali.

Leo wanaastronomia wanajua kwamba wastani wa mzunguko wa jua ni miaka 11 hivi, na kwamba mmoja huweza kuwa mfupi na mwingine mrefu. Tofauti ya 10.45 na 11 yaonekana ndogo, lakini wanafunzi wafanye hesabu. Mizunguko kumi ya 10.45 ni miaka 104 na nusu. Mizunguko kumi ya 11 ni miaka 110. Baada ya karne moja, saa hizo mbili zimeachana kwa miaka mitano na nusu, yaani nusu ya mzunguko mzima. Pale ambapo moja inasema kilele, nyingine inasema bonde.

Wenzake walimbishia, na wengine wakamfanyia mzaha. Aliendelea kuitetea dhana yake katika jarida la Nature hadi mwaka 1882. Afya yake haikuwa njema. Alikuwa amehamia London mwaka 1876 kufundisha, na mwaka 1880 akajiuzulu ili apate nafasi ya kuandika. Tarehe 13 Agosti 1882, akiwa mapumzikoni karibu na Hastings, alikwenda baharini kuogelea, akazama. Alikuwa na umri wa miaka 46. Aliacha mjane, watoto watatu, na kitabu kikubwa cha uchumi ambacho hakikumalizika. Mwaka 1884 makala zake za fedha zilikusanywa katika kitabu kimoja, ile ya Oktoba na zile za jua, jalada moja likiufunika ushindi wake pamoja na kosa lake.

Tangu hapo waliofuata nyayo zake ni wengi, na safari hii nia yao ni kununua na kuuza. Mwaka 1942 Sidney Wachtel aliandika kwamba hisa za Marekani hupanda mwezi wa Januari. Mwaka 1976 Rozeff na Kinney walipima soko la New York kuanzia mwaka 1904 hadi 1974, wakaona kwamba wastani wa Januari ulikuwa asilimia 3.5 hivi, ilhali miezi mingine ilikuwa karibu nusu asilimia. Wengine wakaja na kanuni ya kuuza Mei, wengine wakaiogopa Jumatatu. Habari za Januari zilipoenea, watu walianza kununua mapema, na faida ile ikapungua. Mvua ya masika hainyeshi mapema kwa kuwa mkulima ameisubiri, lakini soko ni watu, na watu husoma magazeti.

Mnamo mwaka 2001 wataalamu watatu, Sullivan, Timmermann na White, walifanya kile ambacho Jevons alikifanya mwaka 1875 na kukisahau mwaka 1878. Hawakuuliza kama kanuni moja nzuri ya kalenda ilifaulu. Walichukua bei za karne nzima za hisa za Marekani, wakakusanya kanuni za kalenda karibu 9,500 ambazo mtu angeweza kuzijaribu, kisha wakauliza kama ile iliyo bora kuliko zote ilizidi kile ambacho bahati tupu ingeleta katika kundi kubwa kiasi hicho. Jibu lilikuwa kwamba haikuzidi.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hilo darasani bila gharama. Wape wanafunzi 40 sarafu, kila mmoja arushe mara tano. Uwezekano wa mwanafunzi mmoja kupata upande uleule aliouchagua mara zote tano ni mmoja katika 32. Katika darasa la watu 40, kwa kawaida atatokea mmoja au hata wawili. Je, mwanafunzi huyo ana mkono wa ajabu? Hasha. Ni kwamba waliojaribu walikuwa wengi, nasi tukamtazama aliyefaulu peke yake.

Hapo ndipo nilipomgeukia mgeni wangu na daftari lake. Nilimuuliza alikuwa ametazama miezi mingapi kabla ya kuichagua Februari. Akajibu kwa unyofu kwamba aliitazama yote kumi na miwili. Nikamwambia kwamba tukiuchukulia kila mwezi kuwa ni sarafu, uwezekano wa angalau mwezi mmoja kupanda miaka mitano mfululizo ni karibu theluthi moja. Nikamuuliza tena alikuwa ametazama kampuni ngapi. Akanyamaza, kisha akasema saba. Na ile habari ya karo, aliijua kabla ya kuiona Februari, au aliitafuta baadaye? Akatabasamu, maana alikuwa ameelewa.

Sikumwambia kwamba Februari yake ni uongo. Sikuwa na haki hiyo, kwa kuwa mimi pia sikuwa nimepima. Nilimwomba afanye mambo manne. Aandike kanuni yake sasa, asiibadilishe tena. Aijaribu kwa miaka ambayo hakuitumia alipoibuni. Aondoe malipo ya dalali na riba ya mkopo kabla ya kuita kitu faida. Na kama sababu ni karo, atafute dalili nyingine ya karo mbali na bei zenyewe, kama Jevons alivyozifuata sarafu hadi mashambani.

Majuma matatu baadaye alirudi. Alikuwa amekwenda maktabani na kuzipekua kurasa za biashara za magazeti ya zamani, akapata bei za miaka kumi iliyotangulia. Katika miaka hiyo Februari ilipanda mara tano, ikashuka mara tano. Hakuniuliza habari ya sahihi. Aliomba tu fomu yake, akaigeuza, na nyuma yake, palipokuwa patupu, akachora jedwali la kuandikia matokeo ya sarafu kwa ajili ya wanafunzi wake.